Re: Kwa nini nilipie basi wakati naishi jirani na chuo?

Mkuu, umeuliza kwa nini hapa Ujerumani ukatwe hela ya basi wakati chuo unaenda kwa miguu, nakuelewa ila mi naunga mkono. Bei iko chini kwa sababu wote tunalipa, 2024 tiketi ya mabasi na treni za kawaida nchi nzima ilikuwa euro 49 kwa mwezi, ya wanafunzi ikawa 29.40, yani asilimia 60 tu, sasa kila asiyepanda akiruhusiwa kujitoa wanabaki wa mbali peke yao na punguzo ndo basi tena. Halafu wikendi unazurura nayo hadi Hamburg (treni za mwendo kasi, ICE, hazimo lakini). Kinachoniudhi ni kulipishwa semesta nzima kwa mkupuo, hapo wanatuumiza kweli. Ukienda kusoma nje semesta moja, ulizia, vyuo vingi vinarudisha.