Mama Ushirika Anajibu: Mwenyekiti mkali, hesabu safi

SWALI: Shikamoo Mama. Niko kwenye kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, cha akina mama 25 hapa Kilosa. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu, tunaye tangu tuanze, na fedha haijawahi kupungua hata shilingi. Tatizo ni mdomo wake. Ukichelewesha rejesho anakusimamisha mbele ya wenzako na kukusema wewe na mumeo. Juzi mwenzetu aliyelaza mtoto hospitali alisimamishwa hivyohivyo, akatoka analia, hajarudi tena. Uchaguzi umekaribia na wengi wanamtaka mweka hazina, mama mpole asiyegombana na mtu. Nami naogopa, maana kikoba cha jirani kiliongozwa na mpole, watu wakakopa na hawakurejesha, kikafa. Tumchague nani?
Msomaji, Kilosa

JIBU: Marahaba mwanangu. Nilikuwa afisa ushirika mpaka nikastaafu, na swali hili nimelisikia kwenye vyama vya kahawa, vya pamba na vya akiba na mikopo: mkali au mpole? Mimi huwa sianzii hapo. Huwa naomba katiba, kisha naomba daftari la faini, nalisoma taratibu huku viongozi wakininyweshea chai ili nisahau.

Ninachokitafuta mle ni majina ya viongozi wenyewe. Je, mwalimu wenu amewahi kuchelewa kikao akalipa? Kama hayumo hata mara moja, ama ni malaika ama hakuna anayethubutu kumwandika. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kupelekwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa lazima, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Mimi mpaka leo naona ukali ule ulizidi, na wengi walikuja kurudishwa. Lakini suala la mishahara minono ya wakubwa lilipoguswa, hakuanza na mawaziri. Alikata wa kwake asilimia 20. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Unaweza kubishana na mtu wa namna hiyo, na wengi walibishana naye, ila huwezi kumwambia kwamba kamba anawafunga wenzake tu.

Sasa turudi Kilosa. Faini ya kuchelewesha rejesho naamini imo kwenye katiba yenu. Kusemwa wewe pamoja na mumeo hakumo. Na huyo wa mtoto hospitali ndiyo kesi iliyonikera zaidi, kwa sababu vikoba vingi vina mfuko wa jamii, ile michango midogo inayokaa pembeni ya hisa kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Kama mnao, mwenzenu alistahili kupewa fedha siku ileile aliyosimamishwa. Kwa hiyo usimwambie mwalimu kwamba ni mkali. Atajivunia. Mwambie amekiuka katiba aliyoisimamia mwenyewe, hapo ndipo atakaposikia.

Huyo mpole naye nisimwache hivihivi. Upole wa kumwacha mdaiwa alale na fedha za kikundi ni ukatili kwa yule bibi anayeuza maandazi na kununua hisa moja kila wiki, akisubiri mgawo aezeke nyumba. Bibi huyo hapigi kelele, kwa hiyo viongozi wapole humsahau. Mweka hazina wenu mpimeni kwa kitu kimoja: mwanachama akiomba mkopo unaozidi mara tatu ya hisa zake, na ni shoga yake, atasema hapana mbele ya watu? Kama hajawahi kulitamka neno hilo, msimwongezee mzigo.

Angalieni pia sanduku lenu. Kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu, na mwenyekiti hashiki hata mmoja. Aliyebuni utaratibu huo hakuuliza kama mwenyekiti atakuwa mkali au mpole. Fanyeni vivyo hivyo kwa ulimi. Faini isomwe na mtunza nidhamu, kwa namba ya mwanachama na kiasi, basi, wala asiongeze neno. Anayeshindwa kurejesha aitwe na kamati kabla ya kikao, wazungumze naye pembeni. Andikeni haya kwenye katiba kabla ya uchaguzi, maana mkishamchagua mtu mtaanza kumwonea haya.

Na msiwaachie viongozi peke yao. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika na kuyakabidhi mazao kwa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ilipovirudisha, niliwakuta wanachama wanaosema "chama chao" wakimaanisha cha wakubwa. Nyie 25 mlikuwepo mwenzenu aliposimamishwa. Nani alifungua mdomo?

Mimi ningemrudisha mwalimu, kwa sharti. Kabla ya kura aende nyumbani kwa huyo aliyeondoka, yeye mwenyewe, asitume mtu, amwombe radhi na kumweleza kwamba hisa zake ziko salama. Akikataa kwenda, tafuteni mtu wa tatu. Kati ya wanawake 25 hamkosi.

SWALI: Mama, nimepandishwa kuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Niliokuwa nao kwenye mashine sasa wananiita "bosi" kwa kejeli, na nikiagiza jambo wanavuta miguu. Nianze kuwaandikia barua za onyo?
Kijana, Singida

JIBU: Barua ya wiki ya kwanza ni ya woga, na watu huinusa. Panga ratiba ya zamu za usiku, ibandike ukutani, na jina lako liwe la kwanza. Mashudu yakijaa shika koleo kidogo, kisha rudi kwenye kazi yako ya kusimamia, kwa sababu ukibaki na koleo siku nzima mashine ya pili itakosa mwangalizi. Chakula endelea kula nao pale pale mlipozoea. Mmoja akikaidi baada ya hapo, muulize mkiwa wawili kabla hujashika kalamu. Na wakikuita bosi, itika.