Kwa stajieri wapya wa macho hapa Bukavu: msiishie kwenye maji

Wiki hii nimeikuta tena kwenye dosie: "Maji chini ya retina, sentro-serozi, arudi baada ya miezi 3." Sentro-serozi ni ugonjwa wa maji chini ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Lakini huyu mgonjwa ni msichana, macho yote mawili yana maji, kichwa kinamuuma, masikio yanavuma: dalili za kufikiria Vogt-Koyanagi-Harada (kwa kifupi Harada), ugonjwa mwingine unaoleta maji hayo. Wadogo zangu, nawapenda, lakini tabia hii ya kuona maji na kufunga dosie imenichosha.

1. Pigeni picha macho yote mawili, hata kama analalamikia moja. Vogt-Koyanagi-Harada hushika yote, ingawa moja laweza kutangulia kwa siku chache.

2. OCT, picha ya matabaka ya nyuma ya jicho, isomeni kuanzia chini. Hapa nitakaa kidogo. Kwa Harada, kinga ya mwili inashambulia melanositi (seli za rangi), na hizo zimejaa kwenye koroidi, tabaka la mishipa ya damu chini ya retina. Koroidi ikivimba ndipo maji yanapojikusanya juu yake. Washeni EDI, mpangilio wa OCT unaoonyesha kina zaidi. Koroidi ya kawaida chini ya fovea (kitovu cha retina) ina kama mikroni 250 hadi 300. Kwa Harada mara nyingi inapita 400, pengine mpaka wake wa chini hauonekani kabisa. Ila sentro-serozi nayo hunenepesha koroidi, basi msiniletee unene peke yake. Tafuteni mikunjo ya epitheli ya rangi (tabaka la seli kati ya retina na koroidi), inayopanda na kushuka kama vilima vya Walungu, na maji yaliyogawanyika vyumba vyumba. Kwenye anjiografia (picha za jicho baada ya kudunga rangi ya fluoresini mshipani), Harada huonyesha nukta ndogo nyingi zinazovuja, fluoresini ikijaa vidimbwi mwishoni, na papila (kichwa cha neva ya jicho) nayo mara nyingi inavuja. Sentro-serozi kwa kawaida huvuja mahali pamoja au pachache, na papila imetulia.

Nakazania hivyo kwa sababu dawa zinapingana. Kortikoidi, kama prednisoloni, huzidisha sentro-serozi. Harada ikizikosa mapema, inakomaa. Mama mmoja wa Kadutu aliambiwa asubiri. Alipofika kwetu maji yalikuwa yamekauka, OCT ungeweza kuisifu, lakini fondi (sakafu ya ndani ya jicho) ilikuwa nyekundu ya jua la jioni, kope zimeota mvi, shingoni madoa meupe, na mtoto wa jicho umeanza kumfunika. Nilifungua karatasi zake za mwanzo. Maumivu ya kichwa na mvumo wa masikio vilikuwa vimeandikwa hapo hapo, juu ya picha, kwa mwandiko wa yule yule aliyeandika "asubiri". Mama alikuwa amesema kila kitu. Mpaka leo nikimkumbuka naumia.

3. Ulizeni kama jicho lolote liliwahi kujeruhiwa au kupasuliwa. Oftalmia ya simpatetiki, ambapo jeraha la jicho moja huchochea kinga kushambulia yote mawili, hutoa picha ile ile.

4. Kabla ya prednisoloni: pimeni kaswende na kifua kikuu, mpeni dawa ya minyoo. Halafu miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo kwa siku, au metilprednisoloni gramu 1 mshipani kwa siku 3 kwanza. Punguzeni polepole, miezi 6 angalau. Mwelezeni mgonjwa pamoja na yule anayemnunulia vidonge, maana akianza kuona vizuri nyumbani wataona hela zinapotea bure.

5. OCT haifanyi kazi? Ekografia B (ultrasaundi ya jicho) itawaonyesha koroidi nene.

6. Kila anaporudi, pimeni koroidi mahali pale pale. Inaweza kunenepa tena kabla mgonjwa hajalalamika. Ikinenepa, msipunguze vidonge siku hiyo. Niiteni, hata kama niko blok, chumba cha upasuaji.