Umepangwa jikoni: barua kwa mwanangu

Masaka, Uganda

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama kupangwa jikoni na stoo kwenye safari ya injili, wenzako wakihubiri na kufundisha watoto, nako ni huduma, na ujiandae vipi. Soma Matendo 6. Stefano na Filipo walichaguliwa wahudumu mezani, kwa kuwa wajane walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku na manung'uniko yalishaingia kanisani. Ni huduma, mwanangu, tena nzito.

Jiko mtakalotumia si lenu. Akina mama wa kanisa mwenyeji ndio wanaojua kuni kavu zinauzwa wapi na kisima kipi kina maji masafi. Mkifika, mtafute mama anayeongoza jiko, umsalimu kwa adabu, umwulize uanzie wapi. Fedha ya chakula mpeni mapema, watu wawili wakihesabu na kuandika daftarini. Watu wa huku ni wakarimu mno: hawatakwambia wamepungukiwa. Watakopa dukani ili wageni wale, na mkishavuka mpaka wa Mutukula kurudi Bukoba, deni litabaki kwao.

Sasa hesabu. Ninyi 28, ongeza wenyeji 7 mnaofanya nao kazi, maana ni aibu wao wapike wasile. Kwa mlo mmoja wa watu 35, mchele kilo 5 na nusu hadi 6 unatosha, au unga kilo 9, na maharage makavu kilo 3 na nusu. Ukisikia jikoni wanataja posho, wanamaanisha ugali. Maji ya kunywa weka lita 3 kwa kila mtu, yaani madumu 6 ya lita 20 kwa siku, mbali na ya kupikia na kuosha. Maji yenye tope yachuje kwa kitambaa safi kabla ya kutia dawa, kwa sababu uchafu unaimaliza nguvu klorini. Kisha subiri dakika 30.

Wali ndio unaoangusha timu nyingi. Unabaki usiku, unafunikwa kwenye sufuria, asubuhi unapashwa moto. Lakini kuna vijidudu vinavyostahimili kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu, vinazaana na kuacha sumu ambayo moto wa asubuhi hauiondoi. Saa chache baadaye mhubiri anatapika. Pika unaotosha, uliobaki ugawe usiku uleule. Maharage loweka tangu jioni, mwaga yale maji, kisha yachemke kwa nguvu kabla ya kupunguza moto. Mekundu yasipoiva vizuri nayo hutapisha.

Vyombo viwe na beseni tatu: la sabuni, la kusuuzia, na la maji safi yenye dawa ya klorini. Halafu vianikwe kwenye kichanja. Kitambaa kimoja kikifuta sahani 35, uchafu wa moja unafika zote. Dumu la kunawia na sabuni viwe mlangoni pa choo. Vikiwekwa jikoni peke yake, wengi watapita bila kunawa.

Mpakani kila mtu ashike mwenyewe pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kama kuna dawa za kugawa, kiongozi wenu ashughulikie kibali cha NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, kabla ya safari. Boksi likizuiliwa, basi zima linasubiri.

Na ukiachiwa jenereta, kamwe isiwashwe ndani ya chumba, maana moshi wake unaua. Iwashe kwanza, itulie, ndipo uchomeke vyombo. Amplifaya iwe ya mwisho kuwashwa na ya kwanza kuzimwa. Usiijaze mafuta ikiwa ya moto.

Asubuhi ya kuondoka sugua masufuria ya watu hadi masizi yatoke, lipa kuni, osha choo. Chakula kilichobaki mwachie yule mama aamue nani apewe.

Mkishajua idadi kamili niandikie, nikuulizie bei ya mchele na maharage sokoni kabla hamjachanga.

Mama yako