Eosinofili zimepanda, choo hakioneshi kitu

SWALI: Nafanya kazi maabara ya kituo cha afya kando ya Ziwa Victoria. Tuna mvuvi anayekohoa na kuwashwa mwili kwa miezi sasa, eosinofili (aina ya chembe nyeupe za damu) 2,800 kwa mikrolita. Choo tumekipima mara mbili, hatukuona kitu. Dozi moja ya albendazoli haikusaidia. Daktari anataka kumwanzishia prednisoloni. Tutafute nini?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza muombe daktari asubiri na hiyo prednisoloni, maana ni steroidi. Wa kumshuku mapema ni Strongyloides stercoralis. Mnyoo huyu hutoa mabuu machache, tena kwa vipindi, kwa hiyo slaidi ya kawaida humkosa mara nyingi. Kato-Katz, ile slaidi nene ya choo, nayo inatafuta mayai, wakati yeye chooni hutoa mabuu. Baadhi ya mabuu hayo humwambukiza upya mgonjwa yuleyule, hivyo anaweza kukaa naye miaka mingi bila kujua. Akipewa steroidi, mabuu yanaweza kuongezeka na kusambaa mwilini, na wengi wanaofikia hapo hufa. Hali ikifika huko eosinofili zinaweza hata kushuka, na mtu akadhani mgonjwa anapona.

Chukua choo cha siku tatu tofauti, kikiwa kibichi, usikiweke kwenye friji. Tumia njia ya Baermann: choo ndani ya shashi, juu ya faneli yenye maji ya uvuguvugu. Mabuu hai huteremka chini, nawe unayasaka kwenye yale maji. Kipimo cha kingamwili kikipatikana hospitali ya rufaa, peleka damu pia.

Kwa mvuvi, lazima ukifikirie na kichocho. Eosinofili hupanda wiki kadhaa kabla mayai hayajaonekana, kwa hiyo rudia Kato-Katz baadaye. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, haiui vizuri minyoo michanga, nayo huenda ikahitaji kurudiwa.

Ukikuta amiba au giardia, usifunge faili. Hizo kwa kawaida hazipandishi eosinofili, na malaria vilevile. Muulizeni pia kuhusu pumu na dawa anazotumia, maana navyo vinaweza kuzipandisha.

Dozi moja ya albendazoli ni dhaifu kwa Strongyloides. Dawa yake ni ivermektini, mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Ila kama amewahi kuishi kwenye misitu ya Kongo, pima kwanza damu ya mchana, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, kutafuta mabuu ya mnyoo Loa loa. Yakiwa mengi kwenye damu, ivermektini inaweza kumdhuru ubongo.