Jina la websaiti ni langu au la fundi?

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi nauza mvinyo na zabibu hapa Majengo, Dodoma. 2021 kuna kijana alinitengenezea websaiti, inaishia na .co.tz, kila mwaka ananiambia mama tuma hela ya kulipia, natuma. Wiki iliyopita wateja wananipigia haifunguki, na imeili nazo zimekata. Kijana sa hivi yuko Mwanza anataka laki tatu ndo airudishe, na jina nimeshalichapisha kwenye lebo za chupa. Kwani hilo jina ni langu au lake?
Mama Neema, Nkuhungu

JIBU: Pole sana mama yangu, hii kitu inaniuma kila nikiisoma. Wewe ni mtu wa Dodoma, mambo ya viwanja unayajua. Nyumba unaweza kuijenga kwa hela yako mpaka bati la mwisho, ila kama hati ina jina la mtu mwingine una kazi. Websaiti ndo nyumba, domeni, yaani hilo jina linaloishia na .co.tz, ndo kiwanja. Na hati yake ina muda, enzi za CDA, ile mamlaka ya zamani ya kuustawisha mji wa Dodoma, tulikuwa tunapewa miaka 33, domeni mara nyingi ni mwaka mmoja mmoja, usipolipia inazimwa, ukizidi kukaa kimya inafutwa na yeyote anaichukua.

Imeili zimekufa nazo kwa sababu kompyuta zenyewe zinatafutana kwa namba, ile IP, kwa kawaida mafungu manne kila moja 0 mpaka 255. Mteja akiandika jina lako simu yake inaulizia namba: seva za juu kabisa, yaani kompyuta za kujibu maswali hayo, zinasema nenda kwa .tz, huko wanamwelekeza kwenye seva yenye kumbukumbu za jina lako, hiyo ndo inatoa namba, yote hayo chini ya sekunde, na imeili zinapita njia hiyohiyo. Jina likizimwa kule juu hamna wa kujibu hata kama mafaili yako yapo salama, kwa iyo kazi yako pengine haijapotea.

Leo hii, sio wiki ijayo, tafuta jina lako kwenye whois ya .tz, ile orodha ya mtandaoni ya majina yaliyosajiliwa, uone limesajiliwa kupitia kampuni gani na linaisha lini. Msimamizi wa .tz ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ila usajili unapitia kampuni zilizoidhinishwa, hao ndo uwapigie uwaulize limeandikwa jina la nani. Kama ni lako lipia mwenyewe, ada ya mwaka haikaribii hata hiyo laki tatu. Kama ni la kijana, wapelekee hao wasajili cheti chako cha usajili wa biashara cha BRELA na meseji zote za miamala uliyomtumia, ila ongea naye kwanza kwa upole, akikubali kulihamisha mnamaliza haraka.

Likirudi usishtuke kwako linafunguka na kwa mteja wa Singida linagoma, seva za njiani zinatunza jibu la zamani kwa masaa kadhaa. Alafu kwenye fomu ya usajili weka imeili ya Gmail, usiweke ya domeni hiyohiyo, maana ikizimwa hata ujumbe wa kukukumbusha kulipa hautakufikia.