Re: Nywila au kidole kwa programu ya presha ya wazee?
Mkuu umeuliza uweke nywila au alama ya kidole kwenye programu ya mashine ya presha ya nyumbani, maana wazee wanasahau nywila. Kidole usikitegemee peke yake, ngozi ya mzee inakauka na ile mistari inafifia, anabonyeza weee simu inagoma tu, kwa hiyo weka na PIN fupi pembeni. Ila mi naona kufuli umeliweka mlango usio wenyewe. Kupima kusiombe kitu chochote, anavaa mkanda anabonyeza kitufe kimoja namba inatokea kubwa basi, mashine iunganishwe na simu siku ya kwanza tu halafu data isafiri ikiwa imesimbwa (imefichwa kwa msimbo, mtu mwingine asiweze kuisoma). Kufuli liwe kwenye historia na setingi. Mtoto anayemsaidia apewe akaunti yake ya kuangalia tu, ambayo mzee anaweza kuifunga akitaka, sio familia nzima kupeana nywila moja (hii naichukia sana). Na linki kwenye meseji usitume hata siku moja, ukimzoesha kubofya zako atabofya na za matapeli. Maandishi yaweze kukuzwa mpaka asilimia 200 bila skrini kuvurugika, WCAG (mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti na programu zitumike na watu wote, hata wenye ulemavu) nao unataka hivyo.