Diwani Asiyepigiwa Kura

SWALI: Mhariri, katika kikundi chetu cha wasomaji wa maktaba huwa tunategeana mafumbo kwa istilahi za ushairi: "diwani asiyepigiwa kura", "bahari isiyo na chumvi", "nyumba ya mishororo minne". Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba maneno hayo ya ushairi yamefanana na yale ya kawaida kwa sadfa tu, hayana undugu wowote. Je, ni kweli? Na majina ya diwani zenyewe yanafaa kutegewa?

JIBU: Mwenzenu amekosea. Neno diwani, lililotufikia kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi, awali lilihusu daftari la kumbukumbu. Maana ikagawanyika, upande mmoja ikaelekea kwenye ofisi na baraza yalikotunzwa madaftari hayo, ndiko alikotoka diwani wa kuchaguliwa, na upande wa pili ikabaki kwenye kitabu kinachokusanya mashairi. Bahari nayo, ambayo kwetu ni aina ya shairi, ni istilahi ya arudhi (kanuni za mapigo ya ushairi) ya Kiarabu, iliyoasisiwa na Al-Khalil bin Ahmad katika karne ya 8. Sisi tulilichukua jina tukayaacha mapigo yake, kwa kuwa ushairi wetu wa kimapokeo huhesabu silabi. Beti pia inatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, ingawa kwa Waarabu nyumba hiyo ni mstari mmoja wenye vipande viwili, nasi tumeipanua.

Hapo ndipo fumbo lenu la tatu linapopwaya, maana lina majibu mawili, tarbia na utenzi, aina mbili za shairi ambazo kila ubeti wake una mishororo, yaani mistari, minne. Ongezeni mizani, yaani idadi ya silabi: kila mshororo wa utenzi huwa na mizani 8, ilhali ule wa tarbia kwa kawaida huwa na 16, zikigawanywa 8 kwa 8 kati ya vipande viwili vya mshororo, ukwapi na utao.

Mimi, hata hivyo, hupendelea mafumbo yanayotokana na vitenzi vyetu wenyewe. Tazameni kituo na kibwagizo, majina ya mshororo wa mwisho wa ubeti: moja limetokana na kutua, jingine na kubwaga, na zote mbili ni kazi za mchukuzi anayeshusha mzigo. Tofauti yake ni kwamba mshororo wa kituo unaweza kubadilika kila ubeti, lakini kibwagizo hurudiwa vilevile. Basi tegeni hivi: "Wachukuzi wawili, mmoja kila nyumba hutua mzigo mpya, mwenzake hubwaga uleule."

Majina ya diwani yanafaa, mradi jina liwe na maana ya kawaida nje ya jalada. Kichomi ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974 na kuzua ubishi kwa mashairi yake huru, yasiyofuata vina na mizani, inategeka kwa urahisi: "Kichomi kisicho na daktari wala vina." Anayekwama msimtajie jibu; mpelekeni kwenye rafu ya 896.392, ambako maktaba zinazofuata mpangilio wa Dewey huweka fasihi ya Kiswahili, alitafute mwenyewe.